Okestra ya Vijana: Nakuru Yangoja Nini?

Sisi watu wa pwani tuliolowea Nakuru tuna desturi moja ambayo jirani zetu wa bara huicheka sana. Ikiwa kuna arusi kwetu, hata iwe ya watu wachache, hatuoni raha mpaka pawe na udi na fidla. Na kwa kuwa wapigaji hawapatikani hapa, hutumwa nauli Mombasa, wakapanda basi usiku kucha, mwendo wa kilomita zaidi ya 600, wakala na kulala kwa gharama ya mwenye arusi, kisha wakarudi kwao. Mara ya mwisho nilipokaa katika kamati ya arusi ya namna hiyo, nilipiga hesabu ya matumizi nikajiuliza: Katika mji mkubwa kama huu, wenye vijana tele wenye vidole vizima na masikio mazima, hakuna hata mmoja awezaye kushika fidla?

Nimeona swali hilo nilifikishe kwenu, wasomaji wapenzi, kwa kuwa jibu lake halihusu arusi peke yake. Linahusu vijana wetu, na jinsi wanavyozipitisha saa zao baada ya shule.

Nakuru si mji mdogo tena. Ulitangazwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, jiji la nne la Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Uko kati ya Menengai na ziwa, kwenye njia kuu ya kutoka pwani kwenda Uganda, na reli ndiyo iliyoukuza. Ndiyo maana hapa utamkuta Mkikuyu, Mkalenjin, Mjaluo, Mluhya, Mkisii, Mhindi, Mnubi na Mswahili, wote wakinunua viazi katika soko moja. Lakini mji huu unajua vile vile uchungu wa watu wa mtaa mmoja kugeukiana. Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, vijana wa Nakuru na Naivasha walishikiana mapanga, na damu ilimwagika kati ya watu waliokuwa wakiazimana chumvi.

Kwa hivyo, jambo lolote liwezalo kuwakalisha vijana wa makabila mbalimbali katika safu moja, wakasikilizana, linafaa kuzungumzwa. Na katika mambo hayo, mimi naweka mbele okestra.

OKESTRA NI NINI?

Neno hili huwatisha wengi. Wakilisikia, hufikiri Wazungu waliovaa suti nyeusi katika jumba la London. Kumbe maana yake ni nyepesi: ni watu wengi, wenye ala mbalimbali, wanaopiga wimbo mmoja kwa wakati mmoja. Ile kubwa ya Kizungu huwa na watu 80 au zaidi, waliogawanywa kwa jamaa za ala: za nyuzi, za kupuliza za mbao, za kupuliza za shaba, na ngoma. Kabla ya kuanza, ala moja hutoa sauti, na wengine wote hulinganisha zao na hiyo. Hapo hapana mtoto wa tajiri wala mtoto wa kuli. Mwenye ala ya bei ghali asiyelinganisha nyuzi zake huharibu kazi ya wote, na mwenye ala kuukuu iliyolinganishwa vizuri hupendeza. Kidole kimoja hakivunji chawa; na katika okestra, hata kidole kimoja kikiteleza, kila mtu husikia.

SI NGENI KWETU

Watu wa pwani ndio wenye haki ndogo kabisa ya kuiita okestra kitu cha kigeni. Inasimuliwa Unguja kwamba Sultan Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipendezwa na muziki wa Misri hata akamtuma kijana mmoja, Mohamed bin Ibrahim, aende Cairo akajifunze kupiga kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Mwaka 1958 kikaja chama kinachojulikana kama Culture Musical Club. Mombasa nayo ikawa na vikundi vyake, na kimojawapo, Jauharah, kilijiita okestra waziwazi.

Itazame fidla yenyewe. Mpigaji wa Ulaya huzipanga nyuzi zake nne kwa namna yake. Mafundi wengi wa Kiarabu huziteremsha kidogo zile mbili za juu ili zikubaliane na makamu zao. Tena, kwa kuwa shingo ya fidla haina vyuma vya kuzuia kama gitaa, kidole chaweza kusimama mahali popote, hata kwenye ile robo ya sauti inayoufanya wimbo wa taarabu uchome moyo. Ala ni moja, masomo ni mawili. Kijana akiijua mikono yote miwili, anaweza kupiga arusini Kibokoni na katika jumba la London.

Wala taarabu si mfano wa pekee. Kabla ya redio kufika, vijana wa Lamu na Mombasa walikuwa na beni. Mwishoni mwa karne ya 19 walizichukua tarumbeta na ngoma kubwa za askari na za misheni, wakaunda makundi yenye vyeo, sare na makamati. Mombasa palikuwa na Kingi na Skochi wakishindana kwa mapigo, gwaride na mavazi. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza mchezo huo ukaenea bara pamoja na askari na wapagazi. Huko Tanganyika ukajulikana kwa makundi ya Marini na Arinoti. Lililo muhimu ni hili: wanachama wa beni walichangishana fedha. Mwenzao akiugua walimuuguza, akifa walimzika. Ile haikuwa ngoma tu, ilikuwa jamii ya vijana iliyojisimamia.

Basi hitilafu iko wapi? Iko katika kufundisha. Katika vyama vyetu vya zamani, kijana alijifunza kwa kukaa karibu na fundi, akitazama vidole vyake miaka nenda miaka rudi. Aliyekuwa na mjomba mpiga kanuni alifaulu. Asiyekuwa naye alibaki kupiga makofi. Na kanuni yenyewe si mchezo: ina nyuzi zaidi ya 70, zilizopangwa tatu tatu, na kuzilinganisha peke yake ni elimu. Mafundi wanapotoweka, elimu huzikwa nao.

Unguja waliliona hilo wakachukua hatua. Mwaka 2002 walifungua Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, katika jumba la zamani la forodha pale Mji Mkongwe. Hapo mtoto wa yeyote, bila ya kuwa na mjomba fundi, aliweza kufundishwa udi, kanuni, fidla, akodioni na ngoma, pamoja na kusoma muziki ulioandikwa. Mmoja wa waliopita hapo ni Bi. Amina Omar Juma, mpiga udi anayejulikana kama Siti Amina. Na kwa wale wanaodhani ala si za wanawake, wakumbuke kwamba mwaka 2009 Bi. Mariam Hamdani alianzisha Tausi, kundi la taarabu la wanawake watupu, wapigaji na waimbaji.

KANDO YA JAA LA DANDORA

Huko ni pwani. Lakini hapa bara nako, tena Nairobi ambako twapita tukienda na kurudi, kuna mfano mkubwa zaidi. Korogocho ni mtaa wa mabanda unaopakana na jaa la taka la Dandora. Mwaka 2008 Bi. Elizabeth Njoroge alianza kuwafundisha muziki watoto wachache katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Yohana. Mpango huo ukaitwa Ghetto Classics. Watoto ambao wengine wao walizoea kuokota chuma na plastiki jaani wakapewa fidla, klarineti, tarumbeta na saksafoni. Leo waliopita katika mpango huo ni mamia kwa mamia, na tawi lake lilifika Mombasa pia.

Siri ya Korogocho si ala. Siri ni utaratibu. Mtoto aliyejua wimbo mmoja humfundisha ajaye nyuma yake. Yule aliyekuwa mwanafunzi baada ya miaka huwa mwalimu, na wengine hulipwa kwa kazi hiyo. Kwa njia hiyo mtaa huzaa walimu wake wenyewe. Isitoshe, mlango wa juu uko wazi: mwaka 2014 iliundwa okestra ya vijana chini ya kampuni ya simu ya Safaricom, na watoto wa Korogocho wakakaa humo bega kwa bega na watoto wa shule za ada kubwa.

Wazo la namna hii lina asili ya mbali. Mwaka 1975, huko Venezuela, Bw. José Antonio Abreu alikusanya vijana 11 katika gereji ya magari akaanza mazoezi. Kutokana na gereji hiyo zikazaliwa okestra za watoto nchi nzima, na mataifa mengi yakaiga. Lakini si kila kilichotoka huko ni asali. Mwaka 2014 mtafiti Mwingereza, Geoffrey Baker, alitoa kitabu akiulaumu mpango huo kwa ukali wa nidhamu na kwa kuwafanya watoto pambo la wakubwa. Tulichukue onyo hilo. Okestra ya watoto ambayo wazazi hawaruhusiwi kuingia na kukaa kitako wakati wa mazoezi, mimi mwanangu simpeleki.

SHEMEJI NA TARUMBETA

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua baadhi ya wasomaji wamelingoja tangu mwanzo. Je, Mwislamu ampeleke mwanawe kujifunza muziki?

Mpwa wangu ana miaka 14. Katika shule anayosoma hapa Nakuru kuna bendi ndogo, naye akachaguliwa kupiga tarumbeta. Baba yake, mtu wa Lamu mwenye duka la vitambaa, alipopata habari alinijia jioni tukiwa barazani Bondeni.

"Shemeji," akaniambia, "wewe ndiwe umtiaye kichwa mtoto huyu. Leo tarumbeta, kesho ataniambia hataki chuo."

Nikamuuliza, "Na twari la maulidi je?"

"Twari ni la kumsifu Mtume, rehema na amani zimshukie. Usilinganishe hilo na mambo ya shule."

Nilinyamaza, kwa kuwa hakukosea. Kila jambo hutazamwa kwa makusudio yake. Lakini tuliendelea kuongea, na yeye mwenyewe, kwa kuwa ni mtu wa Lamu, ndiye aliyemtaja Habib Saleh. Sharifu huyo, mwasisi wa Msikiti wa Riyadha, alipoingiza matwari katika maulidi alipingwa na baadhi ya wakubwa wa mji wa zama zake. Leo maulidi ya Lamu hukusanya watu kutoka pwani nzima na nchi za nje, na matwari ndiyo yanayosikika. Simtaji Habib Saleh ili nihalalishe tarumbeta. Hilo lina wenyewe, na wanavyuoni wamehitilafiana juu ya ala tangu zamani. Mimi si sheikh, na fatwa si kazi ya mwandishi wa gazeti. Ninalosema ni kwamba wazee wetu hawakulikimbia suala hili. Walikaa, wakajadiliana, wakaweka mipaka.

Shemeji naye aliweka mipaka yake, mitatu. Kwanza, sala isipite. Pili, chuo kisiachwe, Kurani itangulie. Tatu, ajue ni nyimbo gani zinazopigwa na wapi. Tukaenda kumwona mwalimu wa bendi, ambaye ni Mkristo. Hakubisha hata moja. Mazoezi yakawekwa Jumamosi, na saa kumi kasoro mwalimu huyo husimamisha kila kitu ili wavulana watatu Waislamu waende kusali Alasiri. Wenzao huwangoja. Mpwa wangu aliniambia kwamba sasa, mwalimu akisahau saa, ni mvulana mmoja wa Kikalenjin anayepiga pumbao nyuma ndiye anayemkumbusha.

Hilo ndilo lililonifungua macho kuliko vitabu vyote. Masharti ya mzazi Mwislamu hayakuivunja bendi, bali yaliipa utaratibu.

NAKURU INA NINI?

Tukiorodhesha, tutaona kuwa jiji hili halikosi mengi.

Lina walimu. Nje kidogo ya mji, Chuo Kikuu cha Kabarak kina kitengo cha muziki, na vijana wanahitimu humo. Lanet kuna chuo cha kijeshi. Gilgil kuna chuo cha Huduma ya Vijana wa Taifa. Na nchini kote bendi za jeshi, polisi na magereza ndizo zilizotoa wapuliza tarumbeta wengi kuliko shule yoyote. Askari bendi aliyestaafu, mwenye pumzi na uvumilivu, ni hazina inayokaa bure nyumbani.

Lina masikio. Shule za hapa hushiriki tamasha la muziki la Kenya, lililoanza tangu 1927. Na nyumbani, watoto wa Bonde la Ufa wamezaliwa katika ala. Wakipsigis wana zeze lao la kibugandet, Wakikuyu wana wandindi, na Wajaluo wana orutu. Hizi mbili za mwisho ni fidla za uzi mmoja tu, zinazopigwa kwa upinde. Mwaka 1950 Bw. Hugh Tracey alipita katika nchi ya Wakipsigis na mitambo yake ya kunasa sauti, na alichokinasa kinasikilizwa hadi leo duniani. Mtoto aliyekua akisikia orutu hawezi kushangazwa na upinde wa fidla. Okestra ya Nakuru haina haja ya kuiga ya Vienna. Yafaa iwe na fidla na orutu, tarumbeta na kayamba, na ikiwezekana kanuni moja kutoka pwani.

Lina mahali. Kuna Menengai Social Hall, kuna jumba la michezo la Nakuru Players, na kuna madarasa mengi ambayo Jumamosi hufungwa kwa kufuli.

Tena lina mwenye dhamana. Katiba ya 2010 imezikabidhi serikali za kaunti kazi za utamaduni na burudani za umma. Na mtaala mpya wa shule umeweka njia ya sanaa na michezo kwa wanafunzi wa sekondari ya juu. Njia hiyo itakuwa ya karatasi tu ikiwa mwanafunzi hatagusa ala mpaka afike umri wa miaka 15. Vidole, kama ulimi, hufundishwa mapema.

FEDHA

"Ala ni ghali," utaambiwa. Ni kweli, lakini kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Fidla za watoto hutengenezwa kwa vipimo: robo, nusu, robo tatu, na nzima. Mtoto wa miaka saba hushika ile ndogo. Akikua haimfai tena. Mzazi akinunua peke yake, atanunua mara tatu au nne, na zile ndogo zitabaki juu ya kabati. Lakini zikiwa mali ya chama, fidla moja ndogo hupita mikononi mwa watoto watano au sita kwa zamu. Ndiyo sababu jambo hili ni la jamii, si la mtu na mwanawe.

Jambo la pili ni kutotegemea mkono wa mbali. Chuo cha Unguja nilichokitaja, pamoja na sifa zake zote, mwaka 2019 kilikaribia kufungwa, kwa kuwa wafadhili wa nje waliokibeba walipungua. Hilo ni funzo kwa yeyote atakayeanza. Msaada ukija upokewe kwa shukrani, lakini kodi ya chumba na posho ya mwalimu zitoke hapa hapa mjini, kama beni ya babu zetu ilivyotoka mifukoni mwa wanachama.

Kwa hivyo pendekezo langu si la majumba wala tarakimu kubwa. Naanza na watoto 20, wavulana na wasichana, kutoka mitaa tofauti ya jiji na makabila tofauti. Chumba kimoja siku ya Jumamosi. Walimu wawili, mmoja wa nyuzi na mmoja wa kupuliza. Akina mama wawili wa kukaa na watoto wakati wote. Daftari la ala, lenye jina la kila aliyechukua na siku aliyorudisha. Ratiba inayojua saa ya Alasiri, na inayojua pia kwamba Jumapili ni siku ya kanisa. Mwaka ukipita, wale 20 wawafundishe wengine 20.

Watu wa pwani tulioko Nakuru tuna sehemu yetu katika jambo hili. Tusingoje kualikwa. Kati yetu wapo waliokuja na udi ulionyamaza siku nyingi, umetundikwa ukutani kama picha ya marehemu. Wapo wazee wanaojua makamu kwa majina, lakini hakuna anayewauliza. Wapo wafanyabiashara wanaoweza kununua fidla moja ya robo bila ya duka kutikisika. Na wapo wazazi kama shemeji yangu, ambao wakiwekewa masharti yao ya haki watawaleta watoto kwa mikono yao wenyewe.

Jumamosi iliyopita nilipita pale shuleni kumchukua mpwa wangu. Nikamuuliza wamefika wapi. Akasema wimbo wenyewe ni mgumu, kwani zamu yake ya kupuliza haiji mpaka ahesabu mapigo 16 ya wenzake. "Mjomba," akaniambia, "kazi kubwa ni kunyamaza na kuhesabu." Kwa mtoto wa mji huu, uliokwisha kuona vijana wakigeukiana, nadhani hilo ni somo la kutosha kwa mwaka mmoja.